Jana ulilala wapi?

Watu wakishajua nilikuwa hakimu wa Mahakama ya Mwanzo, hawaniulizi juu ya talaka wala mirathi, ingawa hizo ndizo zilizonila miaka. Wanauliza jambo moja: inakuwaje mtu mzima, mwenye akili zake timamu, akubali kwamba ameua, kisha akifika mahakamani akane? Pale Mwaloni Kirumba mama mmoja muuza dagaa aliwahi kulikata shauri hilo mwenyewe kabla sijafungua mdomo: "Mama hakimu, mtu akishakiri amekwisha. Nani anajisingizia mauaji?" Nikamwambia anipimie dagaa zangu, maneno hayo hayasemwi kwa kusimama. Sasa nimestaafu, nina muda wa kukaa.

Kwanza nieleze kazi yenyewe, maana wengi hawaijui. Polisi akimhoji mtuhumiwa humwandika maelezo ya onyo. Kama tuhuma ni nzito, mauaji kwa mfano, na mtuhumiwa amekubali, mara nyingi mpelelezi humpeleka pia kwa mlinzi wa amani ili aseme mbele ya mtu asiye polisi. Hayo ndiyo maelezo ya ungamo. Kazi hiyo ya mlinzi wa amani humwangukia mara nyingi hakimu wa Mahakama ya Mwanzo, na vituo vyangu karibu vyote vilikuwa mwambaoni mwa Ziwa Victoria, kuanzia Ukerewe hadi upande wa Sengerema, kwa hiyo niliowaandika wengi wao walikuwa wavuvi, wachuuzi wa samaki na vibarua wa makambini. Sikuwa nasikiliza kesi zao. Sikutakiwa kuamua nani kaua. Nilitakiwa kuhakikisha kwamba anayetaka kusema anataka kweli, kisha niandike anachosema.

Kabla ya neno lolote, askari wanatoka. Hapo ndipo ubishi ulipoanzia kila mara. Wengine hawakuwa na shida, walikwenda kukaa chini ya mwembe wakaomba maji ya kunywa. Wengine walitoka hadi mlangoni tu. Ofisi yangu moja ilikuwa na mlango mfupi uliopungua chini, na mtuhumiwa akiwa kwenye kiti aliona viatu vya askari katika ule uwazi. Mtu anayeona viatu vile hawezi kuniambia kitu. Nilikuwa nafungua dirisha, nasema, "Afande, nataka nikuone pale mwembeni," na sianzi mpaka nimemwona ameketi. Pingu nazo zinafunguliwa. Askari atakuambia mtu huyu hatari, atakimbia. Akimbilie wapi, mbele maji, nyuma kituo cha polisi?

Maswali ya kuanzia yamepangwa katika mwongozo wetu, na Mahakama ya Rufani imeyakazia kwenye hukumu zake. Ulikamatwa tarehe gani, saa ngapi. Ulikamatiwa wapi. Ulilala wapi kabla ya kuletwa hapa. Kuna mtu yeyote aliyekutisha, aliyekuahidi kitu au aliyekupiga ili uje useme? Unataka kusema kwa hiari yako? Kisha unamwambia kwamba atakachosema kitaandikwa na kinaweza kutumika kama ushahidi dhidi yake. Hakimu mwenye haraka anaweza kuyamaliza kabla chai haijapoa: hapana, hapana, ndiyo, weka dole gumba hapa.

Lile swali la kutishwa, ambalo watu wanadhani ndilo kubwa, lilinisaidia kidogo sana. Aliyetishwa sawasawa ametishwa pia asiseme kwamba ametishwa. Nililolishika mimi ni la alipolala. Halina harufu ya kesi, na hakuna anayemfundisha mtuhumiwa namna ya kulijibu.

Nitatoa mfano wa kijana mmoja wa kambi ya dagaa, umri wa mwanangu wa mwisho. Karatasi ya polisi ilisema amekamatwa jana yake mchana.

"Jana ulilala wapi?"

"Kituoni, mama."

"Na juzi?"

"Kituoni."

"Ulikamatwa lini?"

Akatazama mlango. "Jana."

Sikumbishia. Nikamuuliza siku anayokamatwa walikuwa majini au walikuwa wamepandisha mitumbwi. Hapo hakufikiri hata kidogo: "Tulikuwa tumepandisha, mama. Mwezi ulikuwa mkubwa." Anayekaa kando ya ziwa hili anajua maana yake. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, zamani karabai na siku hizi za sola, na mwezi ukiwa mpevu taa haiwavuti, kwa hiyo wavuvi wanapandisha, wanashona nyavu, wanacheza bao. Mimi usiku uliopita nilikuwa nimesimama uani kwangu nikiona taa zimejaa ziwani hadi mbali. Kati ya kupandisha na kurudi majini hupita siku nyingi. Zote hizo alizilala kituoni, na karatasi haikuwa na hata moja.

Nikamwambia avue shati. Mgongo ulikuwa safi, na kifua vilevile. Lakini alipokuwa anaingia nilimwona anakanyagia kando za nyayo, kama mtu apitaye juu ya kokoto za moto. Nikamwambia anioneshe miguu. Sitaeleza zaidi, aliyewahi kuona nyayo zilizochapwa anajua zinavyovimba. Nikaandika nilichokiona, kwa maneno ya kawaida, upande gani na rangi gani.

Kisha nikamuuliza kama anataka kusema. Jibu lake ndilo lililonifunza kazi hii kuliko kozi zote. Akasema anataka, kwa sababu afande amemwahidi kwamba akirudia kwangu kama alivyosema kule, atapelekwa Butimba na hatarudi tena kituoni. Gereza la Butimba! Mtu mzima anaahidiwa mahabusu ya gereza kama zawadi, naye anaona ni zawadi kweli. Sisi tulio nje tunafikiri mtu akisingiziwa mauaji atalinganisha kamba ya kunyongwa na maumivu ya leo. Hakuna anayelinganisha hivyo. Kamba iko mbali, miaka huko mbele, na kuna jaji na wakili njiani. Usiku wa leo uko saa chache tu kutoka hapa.

Sikumwandika ungamo. Niliandika majibu yake na niliyoyaona mwilini, nikaandika kwamba hayuko tayari kwa hiari yake, nikasaini, nikapiga muhuri. Mpelelezi aliposoma akanuna. "Mheshimiwa, umeniua kesi."

"Kesi yako imekuja kwangu ikichechemea, afande. Mpeleke mtu hospitali."

Mambo haya kwetu si mageni. Mwaka 1976 nilikuwa msichana wa sekondari, na Usukumani habari ya kikongwe aliyekatwa mapanga kwa kudhaniwa mchawi ilikuwa haiishi midomoni. Serikali ilitaka wauaji, na iliwataka upesi. Watu wakakamatwa kwa wingi Mwanza na Shinyanga, wakahojiwa, na baadhi ya waliohojiwa hawakutoka hai. Mwanzoni mwa 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, akajiuzulu. Hakuwa amemgusa mtu yeyote kwa mkono wake, ila waliogusa walikuwa chini ya wizara yake. Miaka minane baadaye akawa Rais. Wengine wanamkumbuka kwa jina la Mzee Ruksa, mimi namkumbuka kwa barua ile ya kujiuzulu, maana sijaona nyingi za namna hiyo.

Sheria nayo ilikwenda njia yake. Zamani ungamo mbele ya polisi halikupokelewa mahakamani kabisa. Mwaka 1980 Sheria ya Ushahidi ikabadilishwa, na tangu hapo ungamo mbele ya polisi wa cheo cha koplo kwenda juu linapokelewa, mradi upande wa mashtaka uthibitishe kuwa lilitolewa kwa hiari. Mzigo ni wao. Mshtakiwa hadaiwi kuthibitisha kwamba alipigwa. Kuna kifungu kingine, ambacho mawakili wa utetezi hawakipendi, kinachosema kwamba tishio au ahadi peke yake haitoshi kulitupa ungamo, ila pale ambapo tishio lenyewe ni la aina ya kumfanya mtu akubali uongo. Nakielewa. Afande akisema "sema ukweli tu, itakuwa afadhali kwako," hilo si sawa na nyayo za yule kijana. Lakini nimeona watu wakijificha nyuma ya kifungu hicho na vitu vizito mno.

Tukija kwenye saa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, ya mwaka 1985, inampa polisi saa 4 za kumhoji mtu tangu anapowekwa chini ya ulinzi. Zisipotosha, mkuu wa upelelezi anaweza kuongeza zisizozidi 8 na kumwarifu mtuhumiwa, na zaidi ya hapo aende kwa hakimu kuomba. Muda wa kumsafirisha mtuhumiwa hauhesabiwi. Hicho kipande kidogo cha sheria, kwa mtu wa Dodoma, ni mwendo wa gari kutoka mtaani hadi kituoni. Kwetu sisi ni ziwa zima. Mtu amekamatwa kisiwa cha Ukara, anavushwa kwa mtumbwi, analetwa Nansio, Ukerewe, anasubiri meli, meli inachukua saa tatu na zaidi hadi Mwanza, na upepo ukivuma kila mtu anabaki alipo. Nimeshasikia dhoruba nyingi mahakamani. Kama zote zingekuwa zimevuma kweli, Ukerewe kusingebaki mgomba umesimama.

Mahakama ya Rufani imeshatupa maelezo mengi kwa kosa hilo la saa, ingawa upo mwanya wa kupokea ushahidi uliopatikana kinyume cha utaratibu endapo upande wa mashtaka utaonyesha kwamba kuupokea kuna manufaa kwa umma na hakumwonei mshtakiwa. Watu hulalamika: mhalifu anaachiwa kwa sababu ya saa! Mimi nilipoanza kazi nililiona hivyohivyo jambo hili. Nilipokwisha kuona nyayo na migongo ya kutosha, nikaelewa kwamba saa ndiyo shahidi pekee asiyeweza kutishwa. Kumpiga mtu ndani ya saa 4, kumngoja atulie, kumwandika, na kumtoa akiwa anatembea vizuri, ni kazi ngumu. Kwa siku 9 ni rahisi.

Kitu kingine nilichojifunza kukitazama ni lugha. Mara nyingi jalada lilipokuja nilikuwa siombi kusoma maelezo ya onyo, maana sikutaka kuyajua kabla ya kumsikia mtu mwenyewe. Ila baadaye, nikiitwa ushahidi Mahakama Kuu, niliyasikia yakisomwa. Yote yanaanza vilevile: mimi ni Msukuma kwa kabila, Mkristo kwa dini, elimu yangu ni darasa la saba, kazi yangu ni mvuvi. Hapo hapana ubaya, ndiyo fomu. Ubaya ni pale mvuvi huyo wa darasa la saba anapoendelea: "Mnamo majira ya saa 2 usiku tulimshambulia marehemu kwa kitu chenye ncha kali." Huyo si mvuvi anayesema, ni koplo. Mvuvi angesema panga, na angesema lilikuwa la nani. Katika shauri moja washtakiwa walikuwa watatu, na maelezo yao yalifanana hadi mahali mstari ulipokatwa. Wote watatu "walipatwa na tamaa". Wote watatu "wanaomba msamaha kwa serikali". Jaji aliyasoma moja baada ya jingine kwa sauti ileile, taratibu, bila kusema neno lake, na watu wakaanza kucheka nyuma.

Na wale wa Kisukuma kitupu, au wazee wa Kikerewe wasiojua Kiswahili cha ofisini, wanahitaji mkalimani. Nilikuwa naita mtu wa sokoni au karani wangu. Kamwe sikumkubali askari akalimani, hata kama ndiye pekee aliyekuwapo, na siku mbili tatu shughuli ililala kwa sababu hiyo. Mkalimani naye anaandikwa jina, anasaini, na siku ya siku anaitwa kutoa ushahidi.

Nisiseme kana kwamba wapelelezi wote ni fimbo. Nilimfahamu sajenti mmoja ambaye watuhumiwa aliowaleta walikuwa wanakuja wameoga. Nilimuuliza siri yake, akacheka. Alikuwa anamwacha mtu aeleze maisha yake tangu asubuhi ya siku ile, bila kumkatiza, bila kumwambia polisi wanajua nini. Hakumwonyesha kielelezo mpaka mwisho. Akimaliza, anamrudisha nyuma kwenye jambo dogo: ulipotoka pale, mbwa walibweka? Nani alishika taa? Mwongo anapata shida kwenye mbwa na taa. Mwaka 2021 wataalamu wa nchi mbalimbali walitoa Kanuni za Méndez, zilizopewa jina la Juan Méndez aliyewahi kuwa mtaalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu utesaji, zikihimiza mahojiano ya namna hiyo badala ya kusaka ungamo. Sajenti wangu alishastaafu kitambo, anafuga ng'ombe Misungwi.

Nilichokuwa sikukitarajia kabisa ni yule mzee. Aliletwa asubuhi, kavaa kanzu safi, hana alama mwilini, amekamatwa usiku wa jana yake nyumbani kwake, na alipolala palilingana na karatasi. Maswali yote aliyajibu kama mtu anayejibu posa. Akasema yeye ndiye aliyempiga marehemu kwa mpini wa jembe, ugomvi wa mpaka wa shamba la mihogo. Akasema kwa maneno yake mwenyewe, bila ncha kali. Hiari yake ilikuwa timilifu.

Nikamuuliza alisimama upande gani. Akasema upande wa nyumba. Marehemu alianguka vipi? Akasema alianguka tu. Mpini uko wapi? Kimya. Giza lilikuwa limeingia au bado? Akafikiri sana, akasema, "Andika unavyoona inafaa, mama." Mkono wake wa kulia ulikuwa na ugonjwa wa siku nyingi, kikombe cha maji nilichompa alikipokea kwa kushoto. Nami nilijua, kama kijiji kizima kilivyojua, kwamba mzee ana mtoto mmoja wa kiume, na kwamba mtoto huyo tangu siku ya tukio hakuonekana.

Niliandika kila neno, na kila kimya nikakiandika: "Ameulizwa mpini uko wapi, hakujibu." Nikaandika kwamba kikombe amekipokea kwa mkono wa kushoto. Sikuwa na mamlaka ya kumkatalia mtu anayekiri kwa hiari, wala ya kumwambia anadanganya. Lakini karatasi iliyojaa ukimya inasomeka. Mpelelezi, bahati nzuri mtu mwerevu, aliisoma palepale mwembeni akarudi kijijini siku hiyohiyo.

Hiari haizai ukweli, na ndiyo maana mahakama huuliza mawili: alisema kwa uhuru, na je, alichosema kinashikamana na mambo mengine? Mawakili wetu wote wanalijua shauri la Tuwamoi dhidi ya Uganda, la mwaka 1967, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki: ungamo lililokanwa lisitegemewe bila tahadhari, kwa kawaida litafutiwe ushahidi wa kuliunga mkono, ingawa mahakama inaweza kulitegemea peke yake ikiridhika, baada ya kupima mazingira yote, kwamba haliwezi kuwa ila kweli.

Wapo wanaokiri na ikawa kweli tupu. Kijana wa shauri la mashine ya boti alikuwa mmoja wao. Mlinzi wa mitumbwi aliuawa usiku kwenye mwalo, mashine ikaibwa. Kijana huyo alikamatwa mchana, akaandikwa maelezo mchana huohuo, akaletwa kwangu kesho yake asubuhi. Alilala kituoni usiku mmoja. Alisema kabla sijamaliza kumpa onyo, ikabidi nimsimamishe nianze upya. Alikuwa hapati usingizi tangu tukio, akifumba macho anamsikia yule mlinzi akiita jina lake, kwa sababu alikuwa anamfahamu. Akanieleza kwamba mashine waliifunga kwenye wavu mbovu, wakaizamisha kwa mawe chini ya magugu maji, na kwamba kifuniko cha juu kiliwaponyoka kikaelea. Polisi walikwenda naye. Mashine ilikuwapo, kwenye wavu, na kifuniko hakikuwapo. Mambo kama ya kile kifuniko, ambayo afande hakuyajua, ndiyo yanayonifanya niamini.

Alimtaja pia mwenzake, aliyekuwa amekimbilia Ukerewe. Huyo wa pili alikamatwa Nansio asubuhi, na maelezo yake ya onyo, ambamo amekubali kila kitu, yaliandikwa Mwanza kesho yake jioni. Kwangu hakuletwa.

Shauri likafika Mahakama Kuu, Mwanza. Wote wawili wakakana. Ndipo ikaja kesi ndogo ndani ya kesi kubwa: wazee wa baraza, ambao enzi hizo ilikuwa lazima wakae na jaji, wakatolewa nje, na jaji akasikiliza jambo moja tu, kama maelezo yalitolewa kwa hiari na kwa utaratibu. Nilipanda kizimbani. Wakili akanigeuza kila upande. Nilimkagua mtuhumiwa wapi? Ofisini. Mlango ulikuwa wazi? Umefungwa. Nilijuaje askari hawasikii? Nilikuwa nawaona dirishani, wanakula embe. Jaji akaandika embe. Ungamo la wa kwanza likapokelewa.

Nikabaki nimekaa nyuma kusikiliza la wa pili. Mpelelezi akaeleza kwamba walichelewa kwa sababu ya dhoruba, meli haikuondoka Nansio siku ile. Wakili hakubishana naye. Aliomba aitwe mtu wa meli na daftari la safari. Siku ilipofika akaja, kavaa sare yake, akafungua ukurasa: meli iliondoka kwa wakati wake, ziwa limetulia, abiria wamejaa. Mpelelezi hakuwa na la kuongeza juu ya mahali mtuhumiwa alipokuwa tangu asubuhi ile hadi kesho yake jioni. Maelezo yakakataliwa. Yakabaki maneno ya mwenzake aliyemtaja, na kwa sheria yetu mtu hawezi kutiwa hatiani kwa ungamo la mshtakiwa mwenzake peke yake. Wa kwanza akahukumiwa. Wa pili akatoka kwa mlango wa mbele, ndugu zake wakimngoja.

Mjane wa marehemu alinikuta nje kwenye benchi. Alitaka kujua imekuwaje. Nikamweleza taratibu, saa nne, meli, daftari, maana alikuwa na haki ya kuelezwa na hakuna mwingine aliyejishughulisha.

"Kwa hiyo angeandikwa siku ileile, angefungwa?"

"Kama alikuwamo, pengine."

"Basi mimi wakili simlaumu," akasema. "Nataka nionyeshwe yule afande."